Ndege Ifichayo Mwangwi Wake

Watu wengi wasikiapo habari za F-22 Raptor, ndege ya kivita ya Marekani, hudhani kwamba imejaaliwa kutoonekana kama majini wa hadithini. Walakini aliyewahi kuitazama ikipita mchana atakwambia kuwa ni lidude la kijivu, urefu wake karibu mita 19, na ngurumo zake husikika mbali. Kinachofichwa ni mwangwi wake katika rada, basi.

Asili ya maarifa hayo, ajabu yake, ni Urusi. Mwaka 1962 mwanafizikia wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, alichapisha risala ya hisabati juu ya namna mawimbi yanavyotawanyika yagongapo kingo za kitu. Wakubwa wa nchi yake hawakuiona kuwa ni siri, wakaiachia itoke. Jeshi la Anga la Marekani likaitarjumi mwaka 1971, na Denys Overholser, mtaalamu wa hisabati wa kampuni ya Lockheed, alipoisoma akatambua kuwa sasa yamkini kuupigia hesabu mwangwi wa ndege kabla haijaundwa. Kompyuta za zama zile hazikumudu maumbo ya mviringo, ndiyo maana F-117, ndege ya Lockheed iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1981, ilikuwa mabapa matupu, kila bapa likiyatupa mawimbi upande asikokuwako aliyeyatuma. Raptor iliporuka mwaka 1997 kompyuta zilikwisha kukomaa, nayo ikapata mikunjo laini na mbio ambazo mtangulizi wake hakuwa nazo: hupita mara moja na nusu ya kasi ya sauti pasipo kuwasha moto wa ziada wa injini.

Taabu ya wahandisi ni kwamba rada haidanganyiki kwa urahisi. Kwa kuwa mawimbi hufifia yakienda na hufifia tena yakirudi, anayetaka kuonekana kwa nusu tu ya umbali wa awali hana budi kuupunguza mwangwi wake ubaki sehemu 1 ya 16. Akitaka umbali uwe sehemu 1 ya 10, basi mwangwi ubaki sehemu 1 ya 10,000. Kwa hiyo hakuna kidogo kisichohesabiwa: makombora hukaa tumboni, njia za hewa zimepindwa ili mapanga ya injini yasichungulike, hata kioo cha rubani kimepakwa utando mwembamba wa madini, mawimbi yasije yakaingia yakaigonga kofia yake.

Na bado si kinga kamili. Usiku wa tarehe 27 Machi 1999 jeshi la Yugoslavia, likisaidiwa na rada ya mawimbi marefu, liliitungua F-117 karibu na kijiji cha Buđanovci, kwa kombora la aina iliyobuniwa na Warusi zaidi ya miaka thelathini nyuma.

Gharama nazo zikawaelemea Wamarekani wenyewe. Zilikusudiwa Raptor 750; zikaingia jeshini 187, kiwanda kikafunga kazi mwaka 2011, na sheria ya Marekani ikakataza kuwauzia hata marafiki, Japani ikiwamo. Ndege ya kwanza ya adui kudunguliwa na Raptor haijapatikana mpaka leo. Kitu chake cha kwanza kukiangusha angani, tarehe 4 Februari 2023 pwani ya South Carolina, kilikuwa puto la Wachina.