Nani Anamsikiliza Mwanafunzi?

Katika gazeti hili sisi makapita tumeombwa kueleza neno moja ambalo limezungumzwa mara mbili katika mkutano wa wakubwa wa kalasi: kuwa na mtu hapa shuleni ambaye kazi yake ya kila siku ni kusikiliza wanafunzi wenye moyo mzito. Wengine walicheka. Wengine waliuliza kama tunataka kuletewa munganga wa wenda wazimu. Basi tunaandika, ili kila mtu asome polepole, kiisha abishe akitaka.

Tuanze kwa kuhesabu. Mtoto akikosa pointi, kuko Direktere wa masomo. Akichelewa kwenye mstari, kuko Direktere wa nidhamu, na huyo hasahau jina la mtu. Akipata malaria, anapelekwa dispanseri. Taa ikiwaka enternati kiisha saa tatu ya usiku, Sirveya anatokea hata mvua ikinyesha. Pasta yuko kwa mambo ya roho. Hata maharagi yana mtu wake. Lakini tuchukue mtoto wa mwaka wa saba ambaye amepata habari siku ya Jumatatu kwamba mama yake amefariki. Ameenda kwenye kilio, Jumatatu nyingine amerudi, ameketi kwenye banki yake. Tangu siku ile yuko katika mikono ya nani? Kila mtu anamhurumia. Hakuna mtu mwenye kazi hiyo.

Hatuzungumzi juu ya wazimu. Tunazungumza juu ya kile ambacho watu wa kwetu wanaita mawazo. Unasikia wamama wanasema: « Ule mtoto iko na mawazo », na kila mtu anaelewa. Mawazo ya shule yanajulikana. Kuko minervali, wakati mwanafunzi anarudishwa nyumbani na anajua kabisa kwamba nyumbani hakuna kitu. Kuko wazazi ambao wameachana na kila mmoja anasema mtoto ni wa mwenzake. Kuko sisi wafinalisti na Egzameni ya Serikali, ambayo jamaa nzima inaihesabu kama deni letu. Kuko mambo ya wasichana ambayo hawawezi kusema mbele ya mwanaume. Na kwetu Kivu kuko vita. Mwaka wa 2025 vita ilifika Goma katika mwezi wa kwanza na Bukavu katika mwezi wa pili, na watoto wengi walibadilisha masomo bila kubeba hata daftari. Wale walioketi kati yetu kiisha mambo hayo waliandika diktee sawa na wengine. Hatukujua walikuwa wakisikia nini mlango ulipojifunga kwa nguvu.

Moyo mzito haujulishi jina lake. Unakuja na nguo ya kitu kingine. Mmoja anasinzia katika somo la kemia, anaitwa mvivu. Mwingine hamalizi bugali yake, tunasema ana kiburi, amezoea chakula cha mjini. Wa tatu anapiga mwenzake juu ya ndoo ya maji, anaandikwa kwenye kitabu cha nidhamu. Mwisho wa muhula pointi za mwenendo zinaanguka katika bulletini, mzazi anakasirika, na mtoto anarudi na mzigo mbili pahali pa mmoja. Hatusemi kwamba kila mwenye kusinzia ana huzuni. Wako wenye kusinzia kwa sababu walicheza karata usiku, tunawajua. Lakini kutenganisha hawa na wale kunaomba mtu mwenye nafasi ya kuuliza.

Mtauliza: kwa nini wakubwa tulio nao wasifanye kazi hiyo? Tunajibu kwa heshima. Direktere wa nidhamu ni mtu mwema, lakini yeye ndiye anayeandika karatasi ya kufukuza. Nani atamweleza Jumanne kwamba analala vibaya kwa hofu, akijua kwamba Jumatano anaweza kusimamishwa mbele yake juu ya jambo lingine? Mwalimu wa kalasi anatoa pointi, tena ana wanafunzi hamsini na zaidi. Pasta anasikiliza, na wengi wamesaidiwa naye, lakini yeye ana paruasi, ana wagonjwa, ana mazishi, na kuko watoto wanaoogopa kwamba shida yao itasikiwa tena katika maombi ya asubuhi bila kutaja jina (na katika enternati, bila jina ni kama na jina). Rafiki naye anabeba siri mpaka siku ya kugombana. Katika masomo mengine ya inchi yetu kuko konseye wa oriantasio. Kazi yake kubwa ni kusaidia mtoto kuchagua seksio, pedagojia au biokemia au biashara. Ni kazi nzuri, lakini mtu anayelia usiku hakosi seksio.

Sasa wengine wanafikiri kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Hapa tunaomba waangalie karibu, si mbali. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, ambayo Dokta Denis Mukwege aliianzisha mwaka wa 1999 chini ya kanisa la CEPAC, inajulikana ulimwenguni kwa upasuaji wa wanawake walioumizwa, na Dokta alipata zawadi ya Nobel ya amani mwaka wa 2018. Lakini katika hospitali ile kuko wamama wanaoitwa Mama Sheri, ni kusema Mama Mpendwa. Hawa hawapasui mtu. Wanapokea mgonjwa akifika, wanakaa naye, wanamsikiliza, wanamsindikiza kwa munganga na kurudi naye, siku kwa siku. Wakubwa wa hospitali walielewa kwamba mwili ulioshonwa bado una mtu ndani yake. Tunauliza tu: kama hospitali ya kanisa ina watu wa namna hii, masomo ya kanisa yangeshindwa kuwa na mmoja?

Mfano wa pili unatoka Harare, mji mkubwa wa Zimbabwe. Munganga wa magonjwa ya akili anayeitwa Dixon Chibanda aliona kwamba waganga kama yeye ni wachache mno. Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare, alianza kufundisha mabibi 14 wa mtaa ule. Hawakupewa biro. Walipewa banki ya mbao inje ya dispanseri. Mwenye mawazo anakuja kuketi karibu na bibi, anaeleza, bibi anamsaidia kuchagua tatizo moja kati ya yote na kutafuta hatua ndogo ya kulianza. Washona wana neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Si mbali na mawazo yetu. Matokeo yalipimwa na kutangazwa mwaka wa 2016: kiisha miezi sita, walioketi kwenye banki walikuwa na dalili chache za huzuni kuliko waliopata matunzo ya kawaida. Kwa hiyo si lazima kungojea mtu mwenye lisansi kutoka universite. Inaomba mtu mkubwa mwenye tabia nzuri, aliyefundishwa, mwenye kuangaliwa na mtaalamu, na anayepatikana pahali pamoja kila siku.

Kazi yenyewe iko namna gani? Shirika la Afya la Ulimwengu na wenzake walitoa kitabu kidogo mwaka wa 2011 kwa ajili ya kusaidia watu walio katika msiba, na kinafundisha mambo matatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Kiliandikwa kwa wakati wa hatari, lakini maneno yake yanaingia shuleni bila shida. Kuangalia ni kutembea kwenye barza wakati wa mapumziko na kuona nani anakaa peke yake siku ya tatu. Kuunganisha ni kumpeleka mtu pahali panapofaa: kwa mwuguzi, kwa mzazi, kwa Prefe kuomba siku chache za minervali.

Kusikiliza ndiko kugumu. Sisi sote tunapenda kujibu haraka. Mtu anasema baba yake amepotea tangu vita, tunasema: jikaze, wewe ni mwanaume. Au: hata mimi niliona makubwa. Au tunamwambia Mungu ana mpango, na maneno yanaisha hapo, naye anaelewa kwamba anyamaze. Rafiki za Ayubu, kama tunavyosoma, waliketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Wakati ule walikuwa rafiki kweli. Matata yalianza walipofungua kinywa kumweleza kosa lake. Mtu aliyefundishwa anajua kungoja. Anauliza swali fupi, anarudilia alichosikia ili mwanafunzi aone kwamba kimesikiwa, hatoi hukumu, hatoi ahadi asiyoweza kutimiza.

Halafu kuko siri. Kitu kinachosemwa katika chumba kile hakiandikwi katika bulletini na hakifiki kwenye mkutano wa walimu. Bila hiyo, hakuna atakayekuja. Lakini siri ina mpaka, na mwanafunzi anapaswa kuambiwa mpaka huo siku ya kwanza, mbele ya kufungua moyo. Kama mtu anafikiri kujiua, msikilizaji hawezi kunyamaza. (Wengi wanaogopa kuuliza juu ya jambo hilo wakifikiri wataleta wazo. Wataalamu wanasema hapana: kuuliza wazi hakumtii mtu wazo, mara nyingi kunampunguzia mzigo.) Tena kama kuko mtu mkubwa anayemtaka mwanafunzi kimwili, awe inje ao ndani ya masomo, hiyo si siri ya kutunza. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kila asiyetimiza miaka 18 kuwa mtoto. Katika enternati yetu, karibu kila kitanda kinalala mtoto wa sheria ile.

Na kuko mambo ambayo yanapita nguvu za msikilizaji: mtu haoni usingizi juma nzima, anasikia sauti, anakataa chakula kabisa. Huyo anahitaji waganga. Goma kuko Tulizo Letu, Bukavu kuko SOSAME, vituo viwili vya magonjwa ya akili vinavyoongozwa na Bafrere wa Upendo. Jina Tulizo Letu lingefaa kuondoa woga kwa wale wanaoona haya kupita mlango ule.

Mzee mmoja wa Komite ya wazazi alituambia kwamba zamani hapakuwa na watu hao, na watoto walikomaa. Tumefikiri sana juu ya neno lake. Zamani watu hao walikuwako: bibi alikuwako jikoni, shangazi alimchukua msichana pembeni, babu aliketi na kijana kwenye moto. Sisi wa enternati tumeacha hao wote nyumbani, na wengine wamewaacha njiani wakikimbia. Juu ya neno la kwamba watoto watazoea kulialia, tumeona kinyume chake: aliyesikilizwa anarudi kwenye daftari yake.

Inabaki feza. Hapo hatuchezi, kwa sababu tunajua kwamba walimu wengine wanaishi kwa kile ambacho wazazi wetu wanaleta, na hatutaki kuongeza franka juu ya minervali ile ile inayofukuza watoto. Tena hatutaki mwalimu aongezewe kazi hii juu ya vipindi vyake. Ataifanya wiki mbili, kiisha kazi za kusahihisha zitaimeza. Tumeandika barua kwa Bwana Prefe na kwa Komite ya wazazi. Tunaomba waulize paruasi kama kuko mama mmoja, mwuguzi aliyepumzika ao mjane mwenye hekima, anayeweza kufundishwa na kuwa hapa asubuhi nne kwa juma, kwa mshahara mdogo na sehemu katika shamba la masomo. Tunaomba pia mwanaume mmoja kwa asubuhi mbili, maana wavulana wengine hawatasema mbele ya mama.

Bwana Prefe hajakubali wala hajakataa. Ametoa chumba kidogo nyuma ya biblioteki, pale palipowekwa mabati ya zamani, na wa mwaka wa tatu walikisafisha katika salongo ya Jumamosi. Kwa sasa makapita wawili, mvulana mmoja na msichana mmoja, wanaketi pale Jumanne na Alhamisi kiisha kipindi cha mwisho. Hatukufundishwa kazi hii. Tunaweza kukaa na wewe, na kukusindikiza kwa mtu mkubwa utakayemchagua mwenyewe. Mlango uko upande wa tangi la maji, hauonekani kutoka barza.