Usafiri majini: Namna kapiteni anaweza kuona AIS ya meli kwenye simu yake, bila waya

Meli kubwa zinazotoka bahari na kupanda mto Congo, kutoka Banana hadi Boma na Matadi, zinabeba chombo kidogo kinachotangaza kila mara jina la meli, mahali ilipo, upande inakoelekea na mwendo wake. Chombo hicho kinaitwa AIS. Siku hizi habari zake zinaweza kufika kwenye simu au tableti kwa njia ya Wi-Fi, bila kununua mega hata moja. Kwa wanaosafiri kwenye maziwa Kivu na Tanganyika, ni jambo la kufahamu, pamoja na mipaka yake.

AIS ni nini?

AIS ni transponda: inatuma na kupokea habari kwa mawimbi ya redio ya VHF, si kwa intaneti. Tangu mwisho wa mwaka 2004, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unalazimisha chombo hiki kwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya inchi na inchi, na kwa meli za abiria zinazohusika na mkataba huo.

Kila meli ina namba yake ya tarakimu 9. Namba za meli za RDC zinaanza na 676, za Burundi 609, za Zambia 678, na za Tanzania 674 au 677. Meli kubwa ikiwa safarini inatuma habari kila baada ya sekunde 2 hadi 10. Boti ndogo zenye AIS ya aina nyepesi zinatuma mara nyingi kila sekunde 30.

Kwa nini kuiunganisha na simu?

Kwenye meli nyingi, kioo cha AIS ni kidogo, na kinaonyesha maandishi na namba tu. Kapiteni anasoma kwamba kuna meli umbali fulani, lakini haioni kwenye ramani. Kwenye tableti, meli hiyo inaonekana kama alama inayosogea, na programu inahesabu kama njia zenu mbili zitakutana.

Faida ni kubwa zaidi kwa rubani, yule anayepanda meli ya wageni ili kuiongoza mpaka bandarini. Kati ya Banana na Boma kuna sehemu ambako mchanga unahama na njia ya meli inabadilika. Rubani anayefika na tableti yake, yenye ramani mpya, hategemei tu vyombo alivyovikuta ndani ya meli.

Inafanyika namna gani?

Kwenye chumba cha kuongozea meli kuna tundu la AIS lililowekwa kwa ajili ya rubani. Hapo anachomeka kisanduku kidogo kinachosoma habari hizo na kuzirusha kwa Wi-Fi yake chenyewe. Kisha anaunganisha simu na Wi-Fi hiyo, anafungua programu ya ramani, kwa mfano OpenCPN, na kuandika anwani ya kisanduku pamoja na namba ya mlango, ambayo mara nyingi ni 10110.

Kama hakuna kinachoonekana, kuna mambo mawili ya kuangalia kwanza. La kwanza ni kasi ya kusoma: kisanduku lazima kiwekwe kwenye 38 400. La pili ni waya za tundu. Kuna meli ambazo waya mbili zilibadilishana nafasi wakati wa kufunga chombo, na hapo habari hazisomeki.

Ramani ipakuliwe kabla ya kuondoka, maana simu iliyoshika Wi-Fi ya kisanduku inaweza kukosa intaneti. Neno la siri la kiwandani libadilishwe, ili abiria yeyote asiingie. Na batri ya akiba isisahauliwe.

Mipaka yake

AIS inaonyesha tu wale wenye AIS. Mtumbwi wa mvuvi usiku, wenye taa ndogo au bila taa, hautaonekana kwenye kioo. Milima pia inazuia mawimbi ya VHF: boti iliyo upande mmoja wa kisiwa cha Idjwi inaweza kutoonekana kwa iliyo upande wa pili.

Tena, AIS inategemea GPS. Katika Kivu Kaskazini, Umoja wa Mataifa uliripoti mwaka 2024 kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa. GPS ikidanganya, AIS nayo inatangaza uongo, na simu inauchora kama ukweli. Kwa hiyo dira, macho na mtu wa kuangalia mbele vinabaki kuwa vya lazima.

Na kwenye maziwa yetu?

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ukingoni. Makumi ya abiria walikufa. Boti ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, wakati vita ilikuwa imefunga barabara. Hapo AIS isingebadilisha kitu: kila mtu alijua boti iko wapi.

Lakini si ajali zote zinatokea karibu na bandari. Mwezi wa Aprili 2019, boti nyingine ilizama kwenye ziwa Kivu, na watu wapatao 150 walitangazwa kuwa hawajulikani walipo. Boti inapopotea usiku katikati ya maji, mahali pa mwisho ilipoonekana ndipo waokoaji wanapaswa kuanzia. AIS inaweza kuwapa habari hiyo, mradi bandarini kuwe na mtu na chombo cha kuipokea.

Ndiyo maana chombo hiki kinapaswa kwenda pamoja na mambo ambayo wakaaji wa pembezoni mwa maziwa wanayadai kila mara baada ya ajali: jileti ya kuokolea kwa kila abiria, orodha ya majina kabla ya kuondoka, na mkubwa wa bandari mwenye uwezo wa kuzuia boti iliyojaa kupita kiasi.