Oka, Choma au Banika? Istilahi za Mkate wa Kitaliano wenye Nyanya na Jibini

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua watungaji na wafasiri wa vitabu vya mapishi ni majina ya vyakula ambavyo havikuzaliwa kwetu, lakini vimekwisha kubisha hodi na kukaribishwa. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza chakula kimoja cha namna hiyo: kipande cha mkate kilichopitishwa motoni, kikasuguliwa kitunguu saumu, kikatiwa mafuta, kisha kikawekwa juu yake nyanya mbichi na jibini. Wataliano hukiita bruschetta, na jina hilo hulitamka brusketa. Hukila kabla ya mlo wenyewe. Jibini ikiwa tayari, kazi yote haizidi robo saa, na hamna ndani yake jambo la kumshinda mtu ajuaye kuwasha jiko. Ugumu uko katika maneno.

Ili kuyapima maneno hayo tumeonelea tuyapeleke Mbekenyera. Kata hiyo imo katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, wilaya ambayo ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Ni nchi ya wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi, ambako Kiswahili husemwa sambamba na Kimwera, na ambako mpishi wa kawaida hutumia kuni au mkaa. Maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mwenye tanuri la umeme yaweza kusomeka vizuri sana mjini Dar es Salaam. Swali letu ni hili: je, mpishi wa Mbekenyera akiyashika mkononi, pasipo mtu wa kumfafanulia, atatoa chakula kilichokusudiwa, au atatupa mkate wake na nyanya zake jaani?

Tuanze na kitendo kilicho moyo wa chakula hiki, yaani kuupitisha mkate motoni. Wafasiri wengi huandika “tengeneza tosti”. Neno tosti limekwisha kuzoeleka, na hatuna ugomvi nalo mezani. Lakini tosti ni jina la kitu kilichokwisha kufanyika. Halimwambii mpishi moto uwe wa namna gani, wala mkate ukae wapi. Tena kwa watu wengi laleta picha ya mashine irushayo mkate juu. Wengine huandika “oka mkate”. Hapo msomaji ana haki ya kuuliza: mkate umekwisha kuokwa ndipo ukawa mkate, waokwa tena wa nini? Wako wanaoandika “kausha”, wakisahau kwamba jua nalo hukausha. Na walio wengi huandika “choma”. Choma ni neno zuri lakini limebeba mizigo mingi mno. Mahindi huchomwa, nyama huchomwa, matofali huchomwa, na takataka pia; mgonjwa huchomwa sindano na mpita njia huchomwa na mwiba. Mpishi akiambiwa achome mkate, hakuna kinachomzuia kuutia katikati ya ndimi za moto.

Kumbe neno tunalo. Nalo ni banika. Limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na lilikuwamo vinywani mwa wavuvi kabla ya kamusi yoyote. Kubanika ni kukiweka kitu juu ya makaa au kando yake, kwa kijiti au kwa wavu, kisiguse moto, kikaiva kwa joto linalopanda polepole huku kikigeuzwa. Samaki hubanikwa. Mpishi wa Mbekenyera akisoma “banika vipande vya mkate pande zote mbili”, hana haja ya kuuliza swali la pili. Atangoja ndimi za moto zitulie, atatafuta wavu, na hatauacha mkate ili akachote maji.

Lililotufurahisha zaidi ni kugundua kwamba Wataliano wenyewe walifuata njia hii hii. Jina bruschetta latokana na kitenzi cha lahaja ya watu wa Roma, bruscare, chenye maana ya kupitisha kitu juu ya makaa. Yaani wao hawakukiita chakula hiki kwa nyanya yake wala kwa jibini yake, bali kwa kile kinachofanywa na moto. Nao watu wa Toscana, jirani zao, hukiita fettunta, yaani kipande kilichotiwa mafuta. Kwa asili chakula hiki kilikuwa mkate, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Nyanya haikuweza kuwamo, kwa kuwa ilitoka Amerika, na habari zake katika vitabu vya Italia zaanza katika karne ya 16. Jibini nayo ni nyongeza tu ambayo wengi huipenda.

Kutokana na hayo, twapendekeza istilahi mbili zenye kazi mbili. Kwa chakula kwa jumla, yaani mkate wowote uliobanikwa na kuwekewa vitu juu, tuseme “mkate wa kubanika”. Kwa kile cha Kitaliano hasa, chenye kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, tukope jina lake na kuliandika “brusketa”, umoja na wingi sawasawa: brusketa hii, brusketa hizi. Tusiliandike “brusheta” kama tunavyolisikia katika baadhi ya hoteli, kwa maana hilo limepotoshwa na watu wanaosoma maandishi ya Kitaliano kwa macho ya Kiingereza. Tukikopa, tukope kwa mwenye mali.

Tena Wataliano si wageni kabisa katika mwambao wetu. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, walikuwa na jukwaa lao baharini ambalo tangu mwaka 1967 lilitumika kurushia vyombo vya angani. Tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa hapo chombo cha Marekani, na kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake, chombo hicho kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kwa hiyo neno letu lilikwenda angani kutoka jukwaa la Kitaliano. Neno lao nalo si vibaya likafika mezani petu.

Sasa tuje kwenye vinavyowekwa juu ya mkate. Nyanya haina taabu kubwa, ila wafasiri wakumbuke kwamba Unguja huitwa tungule, na kwamba mahali pengi “nyanya” pamoja na kivumishi huweza kuwa tunda jingine, kama nyanya chungu. Kwa hiyo yafaa kuandika “nyanya nyekundu zilizoiva” japo msomaji wa mjini aone kwamba tunamwambia analolijua.

Jani litiwalo ni rihani. Twashauri liandikwe hivyo, kwa i, ili lisigongane na rehani ya kuweka dhamana. Mpishi asitumie kivumbasi kana kwamba ni kile kile. Hao ni ndugu katika ukoo wa mimea, lakini harufu ya kivumbasi ni kali, ndiyo maana watu hukifukizia mbu.

Katika mafuta kuna mtego mkubwa zaidi. Wazee wa pwani walisema “halzeti” wakikusudia mafuta ya zeituni, na neno hilo lina ndani yake zeit ya Kiarabu. Leo bara “alizeti” ni ua kubwa la manjano lielekealo jua, na mafuta yake ni mengine kabisa. Mfasiri aliyejifunza neno katika kitabu cha zamani akiandika halzeti, mpishi ataleta alizeti, na hatajua kwamba amekosea. Basi tuseme “mafuta ya zeituni” waziwazi. Na kama hayapo? Mbekenyera ni nchi ya ufuta. Mafuta ya ufuta usiokaangwa yana ladha ya upole, nayo yafaa sana juu ya mkate wa moto. Kuna kejeli ndogo hapa: upande huu wa nchi, kule Nachingwea, Waingereza waliendesha kati ya mwaka 1947 na 1951 mpango mkubwa wa karanga ili kuipatia Uingereza mafuta ya kupikia. Mpango huo ulianguka na fedha nyingi zikapotea, ilhali ufuta wa wakulima wadogo bado unasitawi. Hata hivyo mwandishi awe mkweli: mkate wenye mafuta ya ufuta ni mkate wa kubanika, na ni mtamu, lakini usiitwe brusketa.

Tumefika kwenye jibini, na hapa ndipo istilahi mbovu huunguza mkate kweli kweli. Neno jibini tumelipata kwa Kiarabu, nasi twalitumia kwa kila namna ya maziwa yaliyogandishwa na kukamuliwa maji. Vitabu vya kigeni husema “weka jibini juu ya mkate, acha juu ya moto mpaka iyeyuke”. Maneno hayo ni sahihi kwa jibini ya Kitaliano iitwayo mozzarella, ambayo maziwa yake hugandishwa kwa dawa itokayo katika tumbo la ndama, kisha donge hukandwa na kuvutwa katika maji ya moto. Jibini ya namna hiyo huyeyuka na kufanya nyuzi. Lakini jibini ambayo mpishi wa Mbekenyera aweza kuitengeneza mwenyewe ni ile ya kukatisha maziwa ya moto kwa ndimu. Hiyo haiyeyuki. Hata akiiacha motoni saa nzima, itakauka tu. Mpishi mtiifu atangoja iyeyuke kama alivyoagizwa, na mkate chini yake utakuwa mkaa. Kisha atajilaumu mwenyewe, wakati mwenye lawama ni mfasiri.

Kwa sababu hiyo neno moja halitoshi. Twapendekeza “jibini ya kuvutika” kwa ile ya kwanza, na “jibini ya chenga” kwa ile ya pili, kwa kuwa maziwa yakikatika hufanya vipande vidogo mithili ya chenga za mchele. Kila moja ifuatwe na kitenzi chake: ya kuvutika huyeyushwa, ya chenga hunyunyizwa.

Jibini za namna ya Kitaliano hutengenezwa nchini, kwa mfano Njombe, lakini Njombe ni mbali na jibini laini haipendi joto la safari. Maziwa yenyewe hayakuwa mengi mkoani Lindi kwa miaka mingi, kwa sababu ya ndorobo. Hali ilianza kubadilika baada ya wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu, mwaka 2006 na 2007, kufika mkoani humo na ng’ombe wao. Kwa hiyo jibini ya chenga si ndoto.

Limebaki jina la chakula kiliwacho kabla ya mlo. Wapo wasemao “kiamsha hamu”. Hatulikatai, ila kwa jirani zetu wa Kenya “kiamsha kinywa” ni chakula cha asubuhi, na maneno haya mawili yamekaribiana mno. Kwa kuwa chakula kitamu cha mwisho kimekwisha kuitwa kitindamlo, kwa mfano wa kitinda mimba, yatupasa tuukamilishe ukoo huo: mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, basi chakula cha kwanza kiwe kifunguamlo. Twajua kwamba watakuwapo watakaokumbuka kifungua kinywa. Lakini kinywa hufunguliwa mara moja tu, asubuhi. Mlo hufunguliwa kila upakuliwapo.

Na sasa tuyaweke maneno haya pamoja jikoni, kwa vipande vinane.

Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yakaribie kufurika. Epua, tia vijiko viwili au vitatu vya chakula vya maji ya ndimu, koroga mara moja tu, kisha uyaache. Yakisha kukatika, yamimine katika kitambaa safi, funga, uning’inize kwa nusu saa. Hiyo ndiyo jibini ya chenga. Itie chumvi kidogo.

Katakata nyanya nne nyekundu zilizoiva, kila kipande kisizidi nusu ya korosho. Zitie nusu kijiko cha chai cha chumvi, uziache zichuruzike katika chujio kwa dakika kumi. Usiiruke hatua hii, maana chumvi huyatoa maji ya nyanya, na maji hayo yasipotoka hapa yatatokea juu ya mkate. Changanya na majani kumi ya rihani uliyoyachana kwa mkono na vijiko viwili vya mafuta.

Kata mkate vipande vya unene wa kidole. Boflo, au mkate mwingine wenye ganda, wafaa kuliko ule laini wa slesi. Na mkate wa jana wafaa kuliko wa leo. Makaa yakisha kutulia na kufanya jivu jeupe, panga vipande juu ya wavu, ubanike pande zote mbili mpaka viwe na rangi ya asali na uso mkavu. Vingali moto, chukua punje ya kitunguu saumu iliyomenywa, uisugue juu ya kila kipande. Hapa tumesema “sugua” wala si “paka”, kwa kuwa uso wa mkate uliobanikwa ni kama kiparuzo, nao huila punje yenyewe. Tia matone ya mafuta, weka nyanya, nyunyiza jibini, uandae papo hapo. Baada ya dakika tano mkate utakuwa umelowa.