Lubumbashi: Mtoto akichukuliwa mbele ya kuasiliwa, jamaa yake inaweza kudai nini?

Katika komini za Katuba, Kenya ao Ruashi, watoto wengi wanalelewa na nkambo, shangazi ao mjomba, bila karatasi yoyote. Shida inaanza siku mtoto anapochukuliwa na kupelekwa kwenye kituo, ao kwa watu wanaotaka kumuasili, ndiyo kusema kumfanya mtoto wao mbele ya sheria. Wengi wanafikiri kwamba mambo yamekwisha. Hapana.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaruhusu mfanyakazi wa huduma za jamii kumweka mtoto mwenye shida katika jamaa ingine ao kituo. Lakini lazima amjulishe hakimu wa watoto mara moja. Mpaka hakimu aamue, hali hiyo ni ya muda tu.

Damu peke yake haitoshi kumrudisha mtoto. Hakimu anaangalia kwanza faida ya mtoto, na anamsikiliza kadiri ya umri wake. Hata hivyo, wazazi walio hai lazima wakubali mtoto aasiliwe. Kama wamekufa, baraza la jamaa ndilo linalotoa neno. Hapo ndipo kuna nguvu ya nkambo na shangazi. Wakinyamaza, wengine watasaini kwa jina lao.

Kwa hiyo, usingoje. Nenda kwenye korti ya watoto ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya kifo vya wazazi, karatasi za masomo na barua ya shefu wa kartie. Uliza: nani alisaini? Hakimu amekwisha kuamua? Kama ameamua, uliza siku zinazobaki za kukata rufaa.

Usisaini karatasi usiyosomewa. Mwaka 2015, wazazi wa eneo la Gemena waliambiwa kwamba watoto wao wanaenda kupumzika Kinshasa wakati wa likizo. Watoto hao walipatikana Ubelgiji, wamekwisha kuasiliwa. Tayari Septemba 2013 serikali ilikuwa imesimamisha ruhusa za kutoka inchini kwa watoto walioasiliwa na wageni.

Na hata hakimu akikubali, sheria ya jamaa ya Kongo haimkati mtoto na ukoo wake: anabaki na uhusiano na jamaa alikozaliwa. Lakini ni rahisi zaidi kusikilizwa mbele ya hukumu kuliko kisha.