Takwimu za Mvua ni Kinga ya Malaria

Je, msomaji, wajua kwamba takwimu za mvua zaweza kuokoa maisha? Mwishoni mwa 1997 mafuriko ya El Nino yaliikumba Wajir. Mapema 1998 malaria ikazuka, ikaua wengi. Mbu huhitaji muda kuzaana madimbwini, hivyo mvua hutoa onyo wiki kadhaa mapema.

Hazina ya Ulaya iitwayo ERA5 ina takwimu za mvua na joto duniani kote, saa kwa saa, tangu 1940. Ni nyingi mno kwa kompyuta ya ofisi ya afya. Lakini kwenye intaneti afisa huchagua eneo lake na miezi anayotaka, akaletewa kipande hicho tu, bila malipo. Akikisoma mapema, dawa na vyandarua vitatangulia ugonjwa.

Nawe mvua ikizidi, lala ndani ya chandarua. Ukipata homa, kapimwe upesi.