Asilimia 26 ina maana gani? Hesabu ya bahati na malaria ya Kwale

HUENDA ulisikia mwaka 2025 kwamba dawa ya ivermectin ilipunguza maambukizi mapya ya malaria kwa asilimia 26 katika utafiti uliofanywa Kwale. Je, mzazi wa Msambweni au Diani aielewe vipi nambari hiyo? Je, ina maana kwamba mtoto mmoja kati ya kila wanne hatapata malaria kamwe?

La, hasha. Watu wengi huichukulia asilimia kama ahadi. Mtoto wa jirani aliyemeza dawa akiugua, wanasema dawa haifai. Wengine husikia "imepunguza" wakaacha kutundika chandarua. Wote wawili wamekosea, na kosa lao linaweza kumgharimu mtoto maisha. Ndiyo maana inafaa tujikumbushe hesabu kidogo.

Hesabu inaanza kwa mbu

Malaria huenezwa na mbu jike wa aina ya Anopheles. Mbu huyo akimuuma mgonjwa leo, hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Vimelea vya malaria huhitaji kama siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mwili wake. Mbu akifa kabla ya siku hizo, safari ya vimelea imekatika.

Tuseme kwamba kati ya kila mbu 10, 9 huishi hadi siku inayofuata. Wataalamu husema uwezekano wa kuishi siku moja ni 0.9. Ikiwa bahati ya leo haitegemei ile ya jana, uwezekano wa kuishi siku mbili hupatikana kwa kuzidisha: 0.9 mara 0.9, yaani 0.81. Endelea hivyo hadi siku ya 10. Utaona kwamba kati ya mbu 100 wanabaki 35 hivi.

Sasa tuseme watu wengi kijijini wamemeza ivermectin. Dawa hiyo ikiwa katika damu, huweza kumuua mbu anayeinyonya. Tuseme mbu wanaoishi hadi kesho wamepungua kutoka 9 hadi 8 kati ya 10. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini zidisha 0.8 kwa 0.8 hivyo hivyo hadi siku ya 10, na kati ya mbu 100 watabaki 11 tu. Mbu wa hatari wamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili! Jambo hili la umri wa mbu lilisisitizwa na mtaalamu wa Uingereza, George Macdonald, katika miaka ya 1950, akiendeleza hesabu zilizoanzishwa na Ronald Ross.

Jaribu mwenyewe

Huhitaji kompyuta kuona jambo hili. Chukua vipande 10 vya karatasi, kimoja ukitie alama, uviweke katika kikombe. Chomoa kimoja bila kutazama, kisha ukirudishe. Kila uchomoaji ni siku moja ya mbu mmoja. Kikitoka chenye alama, mbu amekufa. Akifikisha siku 10, amepona. Wape zamu mbu 100.

Hutapata 35 kamili. Pengine utapata 31, na jirani yako apate 40. Hakuna aliyekosea, hiyo ni bahati tu. Mkirudia mara nyingi, matokeo mengi yataangukia kati ya 25 na 45, na wastani utakaribia 35. Kompyuta hufanya mchezo huu mara maelfu kwa muda mfupi, ikiongeza mvua, vyandarua na idadi ya watu. Huko ndiko kuiga ugonjwa kwa hesabu. Lakini kumbuka, apandacho mtu ndicho avunacho: ukiingiza nambari mbaya, jibu pia litakuwa baya.

Kwa nini watu wengi hivyo?

Kwa kuwa bahati hucheza, kijiji kimoja hakitoshi kuthibitisha dawa. Huenda mvua ilipungua tu. Katika utafiti wa Kwale, ulioitwa BOHEMIA na kuanza mwaka 2023, maeneo 84 yaligawanywa kwa kura. Baadhi yalipewa ivermectin mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na mengine yakapewa albendazole, dawa ya minyoo. Zaidi ya watu 20,000 walishiriki. Kisha watoto wa miaka 5 hadi 15 wakapimwa malaria.

Asilimia 26 ndiyo iliyopatikana. Yaani, pale ambapo yangetokea maambukizi mapya 100 kwa watoto hao, yalitokea kama 74. Ni mtoto yupi aliyeepuka? Hesabu haiwezi kumtaja. Watafiti pia walitoa kiwango cha shaka: punguzo la kweli huenda ni kati ya asilimia 5 na 42. Kwa kuwa sifuri haimo, ni vigumu kusema ni bahati tupu. Lakini kwa kuwa kiwango ni kipana, si vyema kuitaja 26 kana kwamba imechongwa kwenye jiwe.

Ushauri kwa msomaji

Usikimbilie dukani kununua ivermectin ili kujikinga na malaria. Katika utafiti ilitolewa kwa kipimo cha uzito, chini ya uangalizi, na wajawazito pamoja na watoto wa chini ya kilo 15 hawakupewa. Isitoshe, nguvu yake hutokana na watu wengi kumeza kwa pamoja. Mtu mmoja akimeza peke yake, mbu wa kijiji hawatapungua.

Endelea kulala ndani ya chandarua, na mtoto akipata homa mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Na safari nyingine ukisikia asilimia, uliza mambo matatu: ni asilimia ya nini, walipimwa watu wangapi, na kiwango cha shaka ni kipi?