Kutafuta tabo ya gari kongwe ukiwa Mlalo

Katika milima yetu ya Usambara gari kongwe si jambo la kuonea haya. Land Cruiser, Prado na Hilux Surf zilizoundwa Japani katika miaka ya 1990 ndizo zinazoshusha viazi na kabichi kutoka Lukozi, ndizo zinazowapeleka wajawazito hospitali usiku, na ndizo zinazobeba jeneza pale ambapo makaburi ya ukoo yako mbali na msikiti. Nyingi kati ya hizo zina injini ya dizeli yenye tabo, na umri wao umefika pale ambapo tabo huanza kufa, leo ya huyu, kesho ya yule. Hapo familia hujikuta ikitafuta kitu isichokijua, kutoka kwa mtu isiyemwona, kwa fedha ambayo haiwezi kuipoteza mara mbili.

Sisi katika kamati ya msikiti tunalo gari moja la namna hiyo, Prado ya mwaka 1994 iliyoachwa kwa matumizi ya wagonjwa na mazishi, nalo limetufundisha mengi kuliko tulivyokusudia kujifunza. Kwa kuwa ndugu wengi hutusimamisha baada ya swala kuuliza walikopata wenzao kipuri fulani, tumeona ni vyema tuliyojifunza yaandikwe.

Kwanza tufahamu kifaa chenyewe. Tabo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyoungwa na mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu la upande wa ekzosi, na hilo huzungusha lile la upili, ambalo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Wazo hili ni la mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyelisajili mwaka 1905. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, tena hauegemei gololi, bali huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichafuka au ikichelewa kufika, beringi hulika kwa muda mfupi mno.

Huku kwetu tabo si anasa. Kutoka Mombo hadi mjini Lushoto ni kilomita 33 za lami inayopanda karibu mita 1,000, na kutoka hapo hadi Magamba mlima bado haujaisha. Katika kimo cha Lushoto hewa ni pungufu kwa yapata sehemu moja kati ya saba ikilinganishwa na ya Tanga mjini. Injini isiyo na tabo huuhisi upungufu huo kwa ukamilifu. Injini iliyobuniwa kuwa na tabo, kisha tabo ikafa, huwa katika hali mbaya zaidi: hutoa moshi mweusi na kutambaa kwa gia ya kwanza, na abiria wenye afya hushuka ili mgonjwa apande.

Sasa tuje kwenye kutafuta. Neno linaloharibu kazi yote ni jina la gari. Mtu humpigia simu muuzaji wa Kariakoo au Gerezani akasema, "Nataka tabo ya Prado," naye muuzaji hujibu, "Ipo." Wote wawili wamesema kweli na bado hawajaelewana. Prado za dizeli za miaka ya 1990 zilipita katika injini tatu. Za mwanzo zilikuwa na 2L-TE, ambayo tabo yake ni CT20. Mwaka 1993 ikaja 1KZ-TE ya lita tatu, yenye tabo CT12B. Mwaka 2000 ikaja 1KD-FTV, ambayo tabo yake ina mapanga yanayofunguka na kujifunga kwa kuongozwa na kompyuta ya gari. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayokaa mahali pa nyingine bila ufundi wa kulazimisha, na ya tatu haiwezi kufanya kazi yake kabisa kwenye injini isiyo na kompyuta inayoifahamu. Aidha, ziko Prado za petroli zisizo na tabo kamwe.

Jina la tabo lenyewe pia halitoshi. CT26, kwa mfano, ilifungwa kwenye Land Cruiser yenye injini ya 12H-T, ikafungwa kwenye ile ya 1HD-T iliyoifuata, na ikafungwa hata kwenye gari dogo la petroli la mashindano, Supra. Zote zinaitwa CT26, lakini namba ya kipuri ya 12H-T ni 17201-68010, na ya 1HD-T ni 17201-17010. Atakayenunua kwa kutaja "CT26" peke yake amecheza bahati nasibu.

Kinachoaminika ni namba hiyo ya tarakimu kumi. Toyota huigawa katika mafungu mawili ya tano tano. Fungu la kwanza hueleza aina ya kipuri, na 17201 ni tabo. Fungu la pili hueleza ni ya injini ipi na ya toleo lipi. Kwa 1KZ utakutana na 67010, 67020 na 67040, na ni lazima uulize tofauti yake kabla ya kulipa, kwani mtengenezaji hubadilisha namba anapoboresha kipuri, na wakati mwingine mpya huchukua nafasi ya ya zamani na wakati mwingine haichukui. Namba yenyewe aghalabu hupatikana kwenye kisahani kidogo, au imechorwa juu ya nyumba ya tabo upande wa hewa baridi. Huwa imefunikwa na oili na vumbi la miaka. Kitambaa, mafuta ya taa kidogo na tochi ya simu vinatosha kuisoma. Ipige picha kabla hujaongea na muuzaji yeyote.

Wengi hukimbilia kadi ya gari. Kadi ni mwanzo mzuri, lakini inaeleza gari lilivyoingia nchini, wala haielezi yaliyolipata baadaye. Injini hubadilishwa. Liko gari hapa tarafani ambalo kadi yake ni ya injini moja na chini ya boneti imelala nyingine. Kwa hiyo soma namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini yenyewe, uilinganishe na kadi, na zisipolingana ufuate bloku.

Kuna jambo jingine linalowababaisha hata wauzaji waaminifu. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, kisha yakaletwa kwetu yakiwa yametumika. Hayo yana namba fupi ya chasisi inayoanza na herufi za modeli, kama KZJ78, kistari, kisha tarakimu. Yale yaliyoundwa kwa ajili ya kuuzwa nje yana namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Orodha za vipuri vyake ni mbili tofauti. Ukiitafuta namba fupi katika orodha ya magari ya nje hutaipata, au utapewa kitu kinachofanana tu. Mwambie muuzaji mapema: gari hili ni la soko la Japani.

Tulipohitaji tabo yetu tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni mpya ya kampuni, kwa kuagiza kupitia wakala, na bei yake ingemeza michango ya Ijumaa ya miezi mingi. Ya pili ni mpya ya kiwanda kingine, ambayo wapo wanaoitengeneza vizuri na wapo wanaotengeneza umbo lake tu. Ya tatu ni iliyotumika, inayong'olewa kwenye injini kuukuu zinazokuja kwa makontena kutoka Japani, au kupitia yadi kubwa za Sharjah, na kuishia Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kamati iligawanyika. Wazee walitaka mpya, kwa hoja kwamba mali iliyotolewa kwa ajili ya watu isifanyiwe majaribio. Vijana walitaka iliyotumika, kwa hoja kwamba fedha hizo pia zilitolewa kwa ajili ya watu.

Tukachagua iliyotumika. Tulimtumia muuzaji picha ya kisahani na namba ya injini. Akajibu kuwa ndiyo ile ile. Kifurushi kikapakiwa kwenye basi stendi ya Magufuli, Mbezi, kikatufikia salama, na tulipokifungua tukakuta mdomo wa ekzosi una matundu yasiyolingana na ya kwetu. Muuzaji alisema fundi achonge. Tukakataa, tukairudisha kwa basi lile lile, na baada ya simu nyingi na kuingiliwa na mtu mzima anayeheshimika sokoni, tukapewa yenye namba yetu. Nauli za kifurushi zilibaki juu yetu. Tusingekuwa na picha na ujumbe wa maandishi, tusingekuwa na la kusema. Wasomaji wanakijua kisa cha lundo la nafaka lililokuwa kavu juu na limelowa chini. Biashara ya vipuri vilivyotumika ina malundo mengi ya namna hiyo, na muuzaji anayekuonyesha upande uliolowa ni wa kushikwa mkono.

Yeyote atakayeipokea tabo iliyotumika aikague kabla ya kuifunga. Ushike mhimili kwa vidole. Ukiusukuma kushoto na kulia utacheza kidogo, nayo ni kawaida, kwa sababu oili ndiyo hujaza nafasi hiyo. Ukiuvuta na kuusukuma kwa urefu wake usicheze kwa kiasi cha kuhisika. Mapanga yasiguse nyumba yake, yasiwe yamepinda wala kuliwa ncha. Nyumba ya upande wa ekzosi huwa na nyufa ndogo ndogo kwa ajili ya moto, na fundi mzoefu atakuambia zipi za kuvumiliwa. Iwapo nyumba zote mbili ni nzima na moyo peke yake ndio uliolika, waweza kununua moyo tu, yaani mhimili na beringi zake vikiwa vimekwisha kusawazishwa kiwandani, ukaufunga ndani ya nyumba za zamani. Kwa gari kongwe mara nyingi hii ndiyo njia ya busara, kwa sababu midomo yote inabaki ile ile. Uwe na hadhari na maboksi yenye nembo ya kampuni na bei ya kushangaza. Nembo huchapishwa kirahisi kuliko chuma kinavyosubuliwa.

Tunayemshukuru kuliko wote ni mzee mmoja wa gereji hapa Mlalo. Tabo sahihi ilipofika, sote tulitaka ifungwe siku hiyo hiyo, maana kulikuwa na mgonjwa wa kusafisha damu aliyekuwa akisubiri usafiri. Mzee alikataa. Alitaka kwanza kujua ya zamani iliuawa na nini. Akafungua paipu nyembamba inayopeleka oili kwenye tabo, akaitazama dhidi ya mwanga: masizi magumu yalikuwa yameziba karibu tundu lote. Laiti angetutii, tabo ya pili ingefia Magamba, mgonjwa akiwa ndani. Mgonjwa alipelekwa kwa gari la jirani, paipu ikabadilishwa, oili na filta yake zikabadilishwa, mabomba ya hewa yakasafishwa yasibaki na vipande vya mapanga ya zamani. Kisha akamimina oili safi ndani ya tabo kwa mkono, akazungusha injini kwa stata bila kuiwasha hadi oili ilipofika juu, ndipo akaiwasha.

Kwa ajili hiyo, moshi mweusi na gari kukosa nguvu visimfanye mtu aagize tabo usiku huo. Mpira wa hewa uliopasuka hutoa dalili hizo hizo, na bei yake ni ya mboga. Moshi wa bluu, pamoja na oili ndani ya mabomba ya hewa, ndio unaoelekeza zaidi kwenye tabo. Tena dereva akisha kupanda mlima asizime papo hapo. Aiache injini ingurume polepole dakika moja au mbili, ili oili ipoze mhimili badala ya kuungulia humo na kugeuka masizi.

Wenye 1KZ-TE wana wasiwasi mwingine ulio mkubwa kuliko tabo. Silinda hedi yake ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, na injini ikichemka huwa nyepesi kupasuka. Ikifunguliwa, gasketi yake nayo haiombwi kwa jina la gari. Huja katika unene tofauti tofauti, hutambuliwa kwa mikato midogo pembeni, na fundi huchagua baada ya kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Atakayefunga yoyote iliyopo dukani ameahirisha tatizo tu.

Hilo ndilo lililo mezani kwetu sasa. Gari linapanda vizuri, alhamdulillahi, lakini baadhi ya wajumbe wanaona liuzwe kabla hedi haijapasuka, na fedha ziongezewe kununua jingine lisilo na tabo. Wengine wanasema tumeshalijua gari hili na jingine litakuja na siri zake. Sisi tunaelekea upande wa pili, ingawa hatuna uhakika wa kushinda katika kikao. Mnunuzi mmoja wa Mombo amekwisha kuuliza. Tumemtumia picha ya kisahani cha tabo, picha ya paipu iliyoziba, na maelezo kwamba hedi haijawahi kufunguliwa tangu gari lije mikononi mwetu. Bado hajajibu.